Samaki wa Rangi ya Tope

Mama yangu hakuwahi kuwaita samaki wake “samaki wa mapambo”. Aliwaita samaki wa tangi, na ukimuuliza wana faida gani alikwambia uhesabu mbu nyumbani kwake, kisha uende ukahesabu kwa jirani. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi katika tangi la saruji lililokuwa nyuma ya nyumba yetu hapa Dodoma, tangi la kuhifadhia maji ya kufulia na kumwagilia mchicha. Walikuwa na rangi ya tope, mgongo mpana, mkia mmoja mfupi, macho ya kawaida. Ungewaona ungesema ni perege waliokosa malezi.

Kumbe walitoka ukoo wa kifahari. Kabla sijazaliwa, mama alikuwa akifua na kupika kwa familia moja ya Kihindi mjini, wenye duka la vitambaa. Uani kwao kulikuwa na kidimbwi cha vigae chenye samaki wa dhahabu, wekundu, wa kutazamwa tu. Familia ile ilipohama, bibi mwenye nyumba alimwambia mama achukue chochote alichopenda kati ya vilivyobaki. Wenzake walichukua masufuria na mapazia. Mama akaja nyumbani na ndoo mbili za samaki, baba akamuuliza kama wana mafuta ya kuwakaangia.

Mwaka wa kwanza walikufa karibu wote. Maji ya visima vyetu yana chumvi, ukipikia chai unaionja, na mgao ukikaza tangi lilibaki na maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Mchana yalipata moto, na Julai ule upepo wetu ukianza yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Waliobaki wakazaana. Watoto wao wengi walikuwa na rangi ile wanayozaliwa nayo wote, rangi ya tope, ila hawa hawakugeuka wekundu wakikua, na mama hakuona sababu ya kuwadai rangi. Kila kiangazi kiliwapunguza, na kila masika wakaongezeka tena. Nilipofika darasa la tatu hakukuwa na hata mmoja mwekundu tangini, na hakukuwa na kitu cha kuwaua.

Mama alikuwa Mgogo wa kijijini. Kiswahili alikijifunza ukubwani, alipokuja mjini na kuolewa na baba, mtu wa reli aliyetoka mbali. Hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana, hivyo nyumbani kwetu kikawa Kiswahili tu. Kigogo tulikisikia akizungumza na dada zake, tukaambulia salamu na maneno ya kula. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kwake mwenyewe. Samaki kwake alikuwa “samaki hii”, wakiwa wengi walikuwa “samaki zangu”, na sokoni walimpenda kwa hilo, wakawa wanamchokoza ili aendelee kusema.

Alikuwa na shamba dogo la mtama upande wa Zuzu, ambako sasa kaka yangu mkubwa amejenga. Wakati wa mavuno, kabla mtu mwingine hajaingia na kisu, mama aliingia peke yake. Hakwenda kwenye masuke manene ya karibu na mkondo wa maji. Alikwenda kule juu kwenye kichanga, mahali ambapo mvua ilipokatika mimea mingi ilikauka, akakata masuke ya ile iliyosimama mpaka mwisho, madogo madogo, mengine yamepinda. Hayo aliyafunga mafungu na kuyaning’iniza jikoni juu ya moshi. Kazi hiyo aliiita kuchambua. “Leo nachambua,” alisema, na sote tulijua kwamba kilichochambuliwa hakiguswi, ni mbegu ya mwakani.

Mimi nilichagua njia nyingine. Serikali ilipohamia Dodoma, mji ukajaa ofisi na hoteli na saluni, na kila mapokezi yakataka tangi la kioo lenye taa. Nilikuwa nauza vifaa vya ofisini. Siku moja nikapeleka karatasi mahali fulani nikakuta watu wazima watatu wenye tai wamesimama mbele ya samaki mmoja mweupe, wanatabasamu kama wamechumbiwa. Mwezi ule ule niliagiza samaki kutoka Dar es Salaam, nikageuza sebule yetu kuwa sehemu ya matangi.

Mwanzoni nilikuwa na akili. Niliwachanganya wale wa Dar na wa mama, nikapata watoto wenye nguvu ajabu, wanakula mpaka gundi ya tangi. Tatizo ni kwamba walifanana na wa mama. Mteja mmoja aliwatazama kwa heshima zote, akaniuliza, “Dada, hawa si ndio wa kukaanga?” Nilicheka naye, lakini alipoondoka nililia kwa hasira, nikaapa sitatia tena damu ile katika matangi yangu.

Tangu hapo nilichagua kwa macho. Watoto wakifika umri wa mwezi mmoja niliwamimina katika beseni jeupe, nikakaa na kijiko. Mkia mmoja, nje. Mgongo mrefu, nje. Baadaye wakishaanza kupata rangi, wa tope nje, wa madoa mabaya nje. Wote wa nje walikwenda kwa bata wa jirani, na bata wale walinenepa wakashindwa kutembea sawasawa. Waliobaki walikuwa wa duara kama machungwa, na mikia miwili mirefu iliyoburuzwa majini. Weupe niliwaita bibi harusi, jina likashika mjini, watu wakawa wananipigia simu kuuliza kama nina bibi harusi wawili wa ofisi ya mkurugenzi. Sitajifanya sikufurahi. Nilikuwa mtu fulani katika mji huu.

Ila kuwatunza kulikuwa kama kumuuguza mtu kila siku. Chakula lazima kiloweshwe kwanza, vinginevyo tumbo lilijaa hewa na samaki akageuka juu chini. Pampu ya hewa haikuzimwa. Maji ya bomba yalikaa ndani ya ndoo siku mbili kabla hawajayaonja. Wengine walishindwa kuifikia punje ya chakula mpaka niisukume kwa kidole hadi mdomoni.

Mama alikuja sebuleni jioni moja, akavuta kigoda, akawatazama kwa huruma ambayo mimi niliiona dharau.

“Samaki hii imevaa nguo refu sana,” alisema. “Siku ya shida itakimbiaje?”

“Mama, hapa hakuna wa kumkimbiza.”

“Maji ikikatika je?”

“Mteja hanunui samaki ili aone anavyovumilia shida. Shida anazo kwake.”

Alicheka. Alipenda nikijibu kwa ukali, alisema nimemfuata baba. Lakini ugomvi wetu wa kweli ulikuwa juu ya tangi la saruji. Matangi ya kioo yalinitosha kwa kuuza, hayakutosha kwa kukuzia. Tangi la mama lilikuwa kubwa na lina kivuli asubuhi, nami nililitaka. Nilimwomba mara tatu. Mara ya tatu alisimama, akafuta mikono kwenye kanga.

“Tangi sina shida nayo,” alisema. “Lakini samaki zangu usizimalize. Hii ni mbegu. Nyinyi hamjui, huu mji ukikauka unakauka.”

Nikaacha kumwomba, lakini sikuacha kulitamani.

Mwaka ule, mwezi wa nane, mama aliteleza kwenye ngazi ya jikoni akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, na baada ya hospitali kaka akamchukua kwake Zuzu, kwa sababu nyumba yake haina ngazi na mke wake ana subira kuliko mimi. Nilikwenda kila Jumapili, siku nyingine nikapiga simu. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Mchana mmoja akanipigia mwenyewe.

“Mwanangu, maji ya tangi ikoje?”

Nikamwambia yameshuka chini ya nusu.

“Basi sikiliza. Samaki zangu za tangi uzichambue. Uzichambue vizuri, usiache hata moja. Halafu tangi chukua, weka zako.”

“Wote, mama?”

“Zote. Hata zile ndogo.”

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa sauti kubwa mpaka kaka akasikika nyuma akiuliza kuna nini. Nilielewa kwamba mama amesalimu amri, kwamba ugonjwa umemchosha, kwamba mwisho ameona biashara yangu ni biashara. Kwa sababu mimi ni mtoto wa mjini, na mjini tunachambua mchele. Ukichambua mchele, unachokitoa kwa vidole ni mawe na chuya, nacho unakitupa.

Kesho yake nilianza mapema. Nilipunguza maji kwa ndoo, nikawavua kwa chujio kubwa la pombe nililoazima. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, na wakubwa kuliko nilivyokumbuka. Wengine walikuwa na urefu wa kiganja. Wadogo niliwamwaga kwa bata. Wakubwa nilimpa jirani mwenye bata awakaange, akaja baadaye kulalamika kwamba wana miiba mingi na ladha ya kisima. Bata walishiba kabla samaki hawajaisha, basi waliobaki niliwaacha kwenye beseni la plastiki, bila maji, pembeni ya ukuta, nikaendelea kusugua tangi.

Niliwaweka asubuhi. Saa nane nilipopita walikuwa bado wanafumbua midomo. Saa kumi, juani, magamba yamekauka, bado walikuwepo wanaofumbua midomo. Bibi harusi wangu ukimtoa majini anakuwa hoi kabla hujatafuta ndoo nyingine. Nilisimama pale nikawatazama nikasikia kitu kifuani, nikakiita uchovu. Kisha nikachimba shimo karibu na mchicha, nikawafukia, na sikuangalia kama wote walikuwa wamekufa.

Bibi harusi wangu walihamia tangini wakapendeza mno. Nilipiga picha, nikazituma kwa wateja. Kwa wiki kama nne nilikuwa na furaha, naisema kwa sababu ni kweli.

Katikati ya mwezi wa kumi bomba lilikauka. Siku ya kwanza nilisubiri, kama kila mtu. Siku ya pili nikaagiza boza, likaniletea maji ya kisima yenye chumvi na moto wa jua la barabarani. Sikuwa na ndoo za kuyapumzisha wala siku mbili za kusubiri, nikayaachia kwenye tangi kidogo kidogo. Mchana huohuo umeme ukaondoka, pampu ikanyamaza. Nilikoroga maji kwa mkono wangu mpaka bega likafa ganzi. Walikuja juu wote pamoja, midomo nje, mikia yao mirefu imewazunguka na kuwaning’inia, na kwa kuwa walishindwa kukaa wima wakalala ubavu mmoja baada ya mwingine. Siku ya tatu nilikuwa natoa weupe wale kwa beseni lile lile la plastiki. Walikufa wote, wa tangini na wa sebuleni.

Nililia sana. Sikulilia hasara peke yake, kwa maana nilikuwa nimewalisha kwa kidole. Na hapo ndipo liliponijia wazo ambalo lilinikalisha chini: nitaanza upya, nitachukua wale wa mama, nitachanganya damu kama zamani. Nilikuwa nimeshasimama kwenda nyuma ya nyumba kuwaangalia. Nilipofika karibu na mchicha nikakumbuka. Nilikwenda hata kwa jirani, nikamuuliza kama kuna waliosalia kwenye tope la bata wake. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayeumwa.

Mama alirudi mwezi wa kumi na moja, kabla ya mvua. Kaka alimleta kwa gari la kuazima. Alishuka na mkongojo wake, akakataa kiti, akakataa maji ya kunywa, akazunguka nyumba polepole kwenda nyuma. Tukamfuata. Tangi lilikuwa tupu, limepasuka ufa mmoja kwa ukavu.

“Umezichambua?” aliniuliza.

“Nimewachambua, mama.”

“Zote?”

“Wote. Kama ulivyosema.”

Uso wake ukafunguka. Sijui niuelezee vipi. Alinishika mkono kwa mkono ule usio na mkongojo, akaniminya.

“Asante mwanangu. Kule kitandani nilikuwa nawaza hii tu. Nikasema, akizichambua nitakuta mbegu. Ziko wapi? Umeweka kwenye pipa?”

Nilidhani anatania. Kisha nikamwona anageuza shingo, anatafuta kivuli ambacho ningeweza kuwa nimeweka pipa, upande wa choo, upande wa stoo, na nikaelewa. Kaka alielewa kabla yangu, kwa sababu yeye bado analima. Alisema jina langu kwa sauti ya chini, mara moja.

“Mama,” nikasema, “niliwapa bata.”

Hakuuliza bata gani. Alikaa kwenye ukingo wa tangi, akanyoosha mguu wenye chuma. Kaka akaanza kunifokea, ananiuliza kama mimi ni mtu au ni nini, mtu gani anasikia mama yake anasema kuchambua anakwenda kutupa. Nikajitetea. Nakumbuka kila neno la utetezi wangu na ningelipa ili nisilikumbuke. Nilisema, “Kuchambua ni kama mchele. Ndiyo Kiswahili. Unatoa kibaya unatupa.”

Mama aliinua mkono kaka anyamaze. Alikuwa anafikiri. Alisogeza vidole vyake juu ya paja, kama mtu mwenye ungo.

“Kweli,” alisema. “Mchele tunachambua, halafu kile tunatupa. Kweli kabisa.” Kisha akamwambia kaka, “Usimseme mdogo wako. Kosa ni yangu mimi. Mimi Kiswahili changu mbaya. Neno nimetumia mbaya, yeye kasikia kama ilivyo.”

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo nililotaka kuliandika, mengine yote ni njia ya kufika hapa. Nilinyamaza, nikamwacha abebe.

Kwa maana nilijua. Miaka yote ya utoto wangu nilisikia “leo nachambua”, nikaona masuke yanaingia jikoni juu ya moshi. Siku ile ya simu, aliposema nizichambue vizuri nisiache hata moja, kuna mahali ndani yangu palipouliza: mama anasema vipi? Simu ilikuwa bado mkononi, salio lilikuwepo. Ningeweza kumpigia nikamuuliza, “Unamaanisha niwatenge au niwatupe?” Sikupiga, kwa sababu nilijua atakavyojibu, na nililitaka tangi.

Isitoshe mimi ndiye niliyekuwa nikimsahihisha. Tangu nimejua kusoma. “Si samaki hii mama, ni samaki huyu.” “Si maji ikoje, ni yakoje.” Wageni wakiwepo nilimsahihisha zaidi. Hakujali hata kidogo. Alinitazama, akarudia vilevile alivyosema mwanzo kwa sauti ya juu zaidi, watu wakacheka, naye akacheka nao. Kiswahili changu kizuri hakikumshinda hata siku moja kabla ya siku ile ya tangi.

Baada ya siku ile akabadilika. Mwanzo sikugundua. Alikuwa anaanza kusema kitu, anasimama katikati, ananitazama. “Chumvi imeisha. Ni imeisha?” Ndiyo mama, ni imeisha. “Mgeni amekuja. Au wamekuja?” Amekuja, mama, ni mmoja. Sokoni akawa ananyoosha kidole badala ya kusema, na wale waliomzoea wakaniuliza kama anaumwa koo. Dada zake walipokuja alikuwa mama yule yule, sauti juu, vicheko. Wakiondoka anarudi kwangu na kujipima neno kwa neno, asije akasema jambo likaharibika tena. Nilimwambia mara nyingi kwamba alisema vizuri, kwamba mimi ndiye sikusikia. Alinipigapiga begani, akaamini kwamba namfariji. Kumwambia ukweli kwamba nilisikia, hilo sikuliweza.

Aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mwisho kifua ndicho kilichomshinda. Mchana wa siku zake za mwisho hospitalini nilikuwa nimekaa naye, pumzi anaivuta kwa shida, kila neno lina kazi yake. Akafumbua macho, akaniashiria nisogee.

“Nisogezee mto,” alisema. Akapumzika, akavuta pumzi nyingine. “Ni nisogezee?”

“Ndiyo, mama,” nikamwambia. “Umesema sawasawa.”